Mshahara Mmoja, Kalenda Mbili: Familia Iliyohama Kutoka Moshi Kwenda Masasi

Kuhusu kisa hiki

Wahusika ni wawili: mwalimu wa sekondari, ambaye huku nitamwita Mwalimu, na mumewe, fundi wa kuchomelea, nitakayemwita Fundi. Wameridhia kisa chao kiandikwe. Majina, shule, kata na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha nimeyaondoa, na viwango vyao vya fedha nimevikadiria. Kazi yangu ni kushauri kaya za watumishi kuhusu mapato na matumizi, na hawa nimekuwa nao tangu mwaka wao wa kwanza kusini.

Nimekiandika kwa ajili ya mtumishi mpya wa kaskazini anayepangiwa Mtwara au Lindi, na kwa mwenza wake zaidi, kwa sababu mara nyingi mwenza ndiye anayeacha kazi na wateja ili amfuate.

Usuli

Katikati ya 2022 Mwalimu alipata ajira yake ya kwanza serikalini, akapangiwa shule moja wilayani Masasi, mkoani Mtwara. Alikuwa amekaa mtaani miaka kadhaa baada ya chuo, akifundisha masomo ya ziada mjini Moshi. Fundi alikuwa na karakana ndogo ya kupanga mjini humo: mageti, grili za madirisha, ngazi, na matengenezo ya hapa na pale. Walikuwa na mtoto mmoja wa miaka miwili. Mama yake Fundi, bibi wa mtoto, aliishi mlimani kwenye kihamba, yaani shamba la familia lenye migomba, mwendo wa nauli moja ya daladala kutoka mjini.

Kwao habari ilipokelewa kwa huzuni. Shangazi mmoja alisema binti "ametupwa". Kauli hiyo ina historia. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Watumishi waliopelekwa huko walihesabu kwamba wameadhibiwa. Leo kuna lami kutoka Dar hadi Masasi, kuna bandari ya kina kirefu Mtwara, gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, na kiwanda kikubwa cha saruji, lakini sifa ya zamani bado inasafiri na watu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu familia nyingi huanza kulinganisha mikoa zikiwa tayari zimeshaamua upi ni mbaya.

Jambo jingine la kuweka sawa ni hili neno kusini. Anayepangiwa Njombe au Songea atahitaji sweta na blanketi zito. Masasi ni habari nyingine: nchi ya chini, jua kali, mikorosho, na mvua za msimu mmoja.

Hesabu waliyoifanya kabla ya kuhama

Walikaa na daftari, wakachora safu mbili. Upande wa Moshi: kodi ya vyumba viwili shilingi 80,000 kwa mwezi, chakula, nauli, umeme, maji. Upande wa Masasi, kwa bei walizopewa kwa simu na mwalimu mwenzake aliyetangulia: kodi 45,000, muhogo bei ya chini, mbaazi na kunde bei ya chini, usafiri wa kwenda kazini karibu hakuna. Masasi ikashinda kwa mbali.

Upande wa mapato hawakuwa na la kulinganisha. Mshahara wa serikali ni ule ule uwe Rombo mkoani Kilimanjaro au Nanyumbu mkoani Mtwara, na makato yake ni yale yale: kodi ya mapato, asilimia 5 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, 3 ya bima ya afya, 2 ya chama cha walimu, na kwa aliyesoma kwa mkopo wa elimu ya juu kama Mwalimu, asilimia 15 nyingine. Hata kwenye sekta binafsi, kima cha chini cha mshahara hapa nchini hupangwa kwa sekta, hakipangwi kwa mkoa. Kwa hiyo tofauti ya mikoa kwa kaya kama hii haiko kwenye mshahara. Iko kwenye kipato cha pili, yaani kazi ya Fundi, na kwenye vitu ambavyo kaya ilikuwa ikivipata bila kuvilipia.

Daftari halikuwa na safu ya vitu hivyo. Kila Jumamosi mkungu wa ndizi ulishuka kutoka kihambani, pamoja na maziwa, parachichi na maharage ya msimu. Bibi alimlea mtoto. Hakuna aliyeandika hata shilingi moja kwa hayo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyalipia.

Yaliyotokea, kwa mfululizo

Mwalimu aliripoti mwezi Julai 2022, peke yake. Posho yake ya kujikimu ilichelewa, akaishi kwa kukopa kwa walimu wenzake mpaka mshahara wa kwanza ulipoingia. Fundi akabaki Moshi, mtoto akapelekwa mlimani kwa bibi. Kwa nusu mwaka mshahara mmoja ulibeba nyumba mbili na hela ya kumtumia bibi, juu ya nauli ya zaidi ya kilomita 1,000 kila mmoja alipotaka kumwona mwenzake.

Novemba Fundi akaenda kutembea. Alifika wakati korosho zimeshaanza kupigwa mnada na malipo yanaingia kwenye akaunti za wakulima. Alichokiona kilimpagawisha. Pikipiki mpya zilikuwa barabarani bado zina nailoni kwenye viti, maduka ya bati yana foleni, na karakana zinafanya kazi mpaka usiku. Mwenye karakana mmoja alimwambia ana mageti ya wateja kumi na ushee na hana mikono ya kutosha. Fundi akarudi Moshi, akafunga karakana, akauza meza na vitu vizito, akapakia mashine ya kuchomelea, grenda na drili. Januari 2023 akahamia Masasi na mtoto.

Januari hiyo hiyo pesa ya korosho ilikuwa inaisha. Februari alipata kazi za kuunga chuma cha baiskeli na miguu ya viti. Machi karibu hakuna. Mkulima wa Masasi anaponunua geti, analinunua kati ya Oktoba na Desemba. Kuanzia Februari anasubiri mahindi yakomae mwezi Aprili na Mei, na ile hela iliyobaki anaitunza kwa palizi na kupulizia mikorosho dawa katikati ya mwaka. Kuna ufuta unaouzwa baada ya mavuno ya katikati ya mwaka na mbaazi zinazofuata, zinaleta chochote, ila kwa wengi shughuli yenyewe ni korosho.

Bei za chakula nazo zilibadilika. Lile debe la mahindi alilolinunua Mwalimu Julai kwa furaha lilikaribia kuwa mara mbili ilipofika Februari. Kaskazini kuna vuli na masika, kwa hiyo shamba linapumua mara mbili kwa mwaka na soko la Moshi halikosi mboga, maharage wala ndizi. Masasi mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili. Ghala likiisha kabla ya mavuno, hakuna mavuno mengine ya kati ya kuliokoa. Viazi mviringo, karoti, kabichi na ndizi za kupika huja kwa lori kutoka mbali na bei yake inajieleza. Maziwa ya mtoto, ambayo Moshi yalikuwa hayana bei, yakawa moja ya mistari mikubwa kwenye matumizi yao.

Machi mtoto akaugua. Homa ya usiku, asubuhi anacheza, usiku tena. Kwa uzoefu wa mlimani, homa ya mtoto hutulizwa kwa dawa ya maumivu na kusubiri. Walisubiri siku ya pili, siku ya tatu mtoto akalegea, wakakimbilia hospitali akalazwa na malaria kali. Alipona, na bima ya Mwalimu ilibeba matibabu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo mkoani Mtwara yakikaribia asilimia 20, wakati Kilimanjaro ilikuwa chini ya asilimia 1. Mtoto aliyezaliwa na kukulia kihambani anafika Masasi mwezi wa mvua akiwa hana kinga yoyote. Hili lilipaswa kuwa mstari wa kwanza kwenye lile daftari, juu ya kodi na juu ya mahindi.

Joto nalo lilikuwa na gharama yake kazini. Moshi mjini nako jua la Februari si la mchezo, kwa hiyo Fundi hakulihofia. Lakini kuchomelea saa saba mchana chini ya bati, Oktoba kabla mvua hazijaanza, ni kazi isiyowezekana kwa saa nyingi. Mafundi wenyeji huanza alfajiri, hulala mchana, huwasha tena mashine jioni. Umeme ukikatika jioni, siku imekwisha. Aliyekuwa akimaliza geti kwa siku mbili akawa anamaliza kwa tatu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza mzito ulikuja kabla ya mavuno ya 2023. Walikuwa na deni. Fundi alikuwa ameshafuatwa na mtu wa mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, aliyetaka kadi ya benki ya Mwalimu kama dhamana. Wakati huo huo, jirani akawafundisha njia nyingine. Mwezi wa njaa unampa mkulima fedha kidogo, naye anakuahidi gunia la korosho ikifika Oktoba. Wenyeji wanaiita kangomba. Serikali imeipiga marufuku, na bado ipo.

Haikukaa mbali nao. Mama wa mwanafunzi mmoja alikuja mwenyewe nyumbani jioni, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango, akasema: "Mwalimu, nisaidie elfu hamsini ya mahindi. Korosho zikianza utachukua gunia lako, wala hatutasumbuana." Kwa bei za minada ya wakati ule, karibu shilingi 2,000 kwa kilo, gunia la kilo 80 lingezidi laki moja na nusu. Fundi alipiga hesabu hiyo haraka na akataka wakubali. Mwalimu akakataa. Maneno yake kwa mumewe, kama alivyonisimulia: "Huyu ni mama wa mwanafunzi wangu. Nitasimamaje darasani mbele ya mtoto ambaye nimekula korosho za nyumbani kwao?" Yule mama alipewa elfu kumi na debe moja la mahindi, bila gunia.

Namheshimu sana kwa uamuzi huo. Umetoka kwenye kaya yenye deni, mwezi mgumu kuliko yote, dhidi ya fedha ambayo kila mtu mtaani aliiona ni halali. Mtumishi wa umma ana mshahara wa kila mwezi katikati ya watu wanaopata mara moja kwa mwaka. Nafasi hiyo inamfanya awe tegemeo la kijiji au awe mnyonyaji wake, na anaweza kuingia kwenye hili la pili bila hata kujiona.

Uamuzi wa pili ulitokana na kalenda. Nilipokutana nao Agosti niliwaomba waache safu mbili za bei, wachore miezi 12 na kuandika kila mwezi nani mjini ana fedha mkononi. Oktoba hadi Desemba: wakulima. Januari: wenye maduka waliowauzia wakulima. Februari hadi Septemba tukaacha wazi, mpaka Mwalimu mwenyewe akasema: serikali. Mwaka wa fedha wa serikali unaishia tarehe 30 Juni, na miezi ya mwisho shule nyingi huwa mbioni kukamilisha madarasa, vyoo na madawati. Kazi hizo nyingi zinafanyika kwa force akaunti, yaani shule na kamati yake wananunua vifaa na kuwapa kazi mafundi wa eneo hilo. Grili, milango ya chuma na fremu za madawati ni kazi za mchomeleaji. Fundi alikuwa amepita mbele ya majengo hayo kila siku bila kuyahesabu kama soko.

Waliweka sharti moja: haombi kazi kwenye shule ya mkewe. Aliwasilisha bei zake kwenye shule za kata nyingine, kwa taratibu za kawaida, na shule ya kwanza aliyoikosa aliikosa kwa sababu mwenzake alikuwa na bei ndogo.

Uamuzi wa tatu ulihusu mtoto. Bibi alitaka arudishwe mlimani. Walikubaliana abaki, kwa masharti: nyumba wahame iliyo jirani zaidi na kituo cha afya hata kama kodi inaongezeka, madirisha yote yawekwe nyavu (Fundi alizitengeneza fremu mwenyewe), chandarua kila usiku, na homa yoyote mtoto apimwe siku hiyo hiyo. Kodi ikapanda hadi 60,000. Ile nafuu kubwa ya kodi waliyoiona kwenye daftari ikayeyuka karibu nusu, na nadhani ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote kwenye kisa hiki.

Matokeo

Msimu wa 2023 Fundi alikuwa tayari mjini wakulima walipolipwa, akamaliza deni. Kati ya Februari na Juni 2024 alipata kazi za shule mbili. Mojawapo ilichelewa kwa sababu isiyomhusu: mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar na Lindi, malori ya chuma yakakwama, na skwea paipu zilizokuwepo mjini zikapanda bei. Tangu hapo hununua chuma mwezi Agosti, barabara ikiwa kavu na maduka hayana foleni, akakipanga ndani hadi msimu.

Ule mzigo wa Agosti 2024 ulimlipa vizuri. Minada ya kwanza ya Oktoba mwaka huo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, karibu mara mbili ya walivyozoea. Fundi aliajiri vijana wawili na alifunga kazi Januari. Kaya ikanunua kiwanja, ikamlipia bibi bima ya afya, na mtoto ameugua malaria mara moja tu tena, ikagunduliwa siku ile ile na kutibiwa kwa dozi ya kumeza.

Uchambuzi

Kilichowaangusha mwanzo kilikuwa namna ya kulinganisha. Bei walizopewa kwa simu zilikuwa za kweli. Zilikuwa bei za Julai, mwezi ambao Masasi ina chakula kipya. Mtu akiuliza Februari angepata mji mwingine kabisa. Fundi naye aliona ajira za Novemba akadhani ni za mwaka mzima, akahamisha karakana kwa ushahidi wa wiki moja. Moshi kosa la namna hiyo lingemuumiza kidogo, maana utalii, viwanda, hospitali kubwa, vyuo na mashamba yenye mvua mbili vinaisambaza fedha mwaka mzima, hata kama ni kidogo kidogo. Kwa uchumi wa zao moja, wastani wa mwezi haumwambii mtu lolote. Mtwara mjini, penye bandari na kiwanda, wapo zaidi wanaolipwa kila mwezi, kwa hiyo hata ndani ya mkoa mmoja fundi yule yule angepaswa kuhesabu tofauti.

Kihamba ni suala la pili, na ni gumu zaidi kusema mbele ya ndugu. Maisha yao ya Moshi hayakuwa nafuu. Yalikuwa yanalipiwa na bibi, kwa kazi ya mikono yake. Na kihamba chenyewe hakiongezeki. Sensa ya 2022 iliikuta Kilimanjaro na watu zaidi ya 1,860,000 kwenye eneo linalozidi kidogo kilomita za mraba 13,000, ambalo sehemu yake kubwa ni hifadhi ya mlima na nyika kame. Lindi, jirani wa Mtwara, ilikuwa na watu wasiofika 1,200,000 kwenye kilomita zaidi ya 66,000. Wadogo zake Fundi wako watatu na kihamba ni kimoja. Kiwanja walichokinunua Masasi kingewagharimu mara kadhaa karibu na Moshi.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kukuta kipato cha pili chenye msimu unaopishana na korosho. Hapo ndipo Mwalimu alipokuwa na thamani isiyoonekana kwenye hati ya mshahara: alijua fedha za shule hutembea lini. Sharti la kutogusa shule yake liliwalinda. Kukataa kangomba nako kuna faida waliyoiona baadaye. Wazazi wa kijiji kile ndio waliompelekea Fundi kazi nyingi za msimu wa 2024, na yule mama wa elfu hamsini aliagiza mlango wa chuma.

Lakini sitaki msomaji auchukulie msimu wa 2024 kuwa ushahidi kwamba kuhamia kusini kunalipa. Bei ile ilitoka sokoni. Wenye kumbukumbu watasema habari ya 2018, wakulima walipogomea bei za wanunuzi na serikali ikaagiza jeshi likusanye korosho kwa shilingi 3,300. Mwaka ule malipo ya wengi yalichelewa, na fundi aliyekuwa amejaza stoo ya chuma angekaa nacho miezi mingi. Akiba ya kaya hii, kwa ushauri wangu, inapaswa kutosha msimu mmoja mzima usiolipa. Hawajafika hapo.

Limebaki suala la uhamisho. Mwalimu anakaribia kutimiza miaka mitatu kituoni, na amepata mtu wa kubadilishana naye kutoka wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uhamisho wa aina hiyo ni kwa gharama zake mwenyewe. Bibi anazeeka na anamtaka mjukuu. Hoja hiyo haina safu kwenye kalenda yoyote, na sikujaribu kuipa bei. Nilichowaomba ni kwamba kama wataondoka, Mwalimu atangulie na Fundi abaki hadi mwisho wa Desemba, amalize oda na kuuza chuma kilichobaki, na wafike Moshi wakiwa na kodi ya karakana ya miezi sita mkononi. Mume amekubali. Mwalimu anasema hataki tena nyumba mbili, hata kwa mwezi mmoja, na bado wanazungumza.